Mbuzi Wawili Wenye Tarehe ya Mwisho

Baba yangu alikuwa mkemia, na laiti angebaki mkemia tu, mimi ningeolewa kama wanawake wengine. Kwa zaidi ya miaka ishirini alipima madini katika maabara ya kampuni moja ya shaba hapa Lubumbashi. Walimletea vumbi ndani ya vifuko, naye akawaambia lina shaba kiasi gani. Vumbi likiwa bichi alilikausha kwanza, kwa sababu mnunuzi halipii maji. Maneno hayo tuliyasikia nyumbani kila mama alipotoka sokoni na nyanya.

Siku moja mkubwa wake alimwomba abadilishe tarakimu moja kwenye karatasi ya matokeo. Tarakimu moja tu. Baba alikataa, akasema vumbi limeshajisemea lenyewe na yeye ni karani wake. Miezi michache baadaye alikuwa kwenye orodha ya waliopunguzwa kazini. Sisi watoto tulijivunia uaminifu wake. Mama naye alijivunia, ila yeye alijivunia huku akipika sombe, majani ya muhogo, bila samaki.

Badala ya malipo yake ya mwisho, kampuni ilimpa karatasi ya kuahidi malipo hayo. Karatasi hiyo ndiyo iliyomharibu. Wakati akiingoja itimie alianza kulima kipande cha shamba kule Annexe, pembezoni mwa mji, na jembe likampa nafasi ya kufikiri, jambo ambalo maabara haikuwahi kumpa. Akaona kwamba mahindi aliyovuna yanaliwa na fukusi, makala, yaani mkaa, aliyonunua yanalowa mvua, na mbuzi wa jirani amekufa kwa kuhara, lakini karatasi ya kampuni bado ni nyeupe pe. Mtu mwingine angekasirika. Baba alianzisha elimu mpya ya uchumi.

Alitueleza hivi. Utajiri wote ni jua. Jua limelala ndani ya hindi, ndani ya makala na ndani ya mbuzi, na kwa sababu ni utajiri wa kweli, huoza. Fedha, ahadi na madeni si utajiri. Ni kumbukumbu tu kwamba fulani alitoa jua lake akampa mwenzake. Kosa la dunia ni kuziacha kumbukumbu ziishi muda mrefu kuliko vitu vyenyewe. Mbuzi anakufa, deni la mbuzi linanenepa. Riba ndiyo aliyoichukia kuliko yote, kwa sababu alisema hajawahi kuona kitu kingine chochote duniani kinachokua bila kula. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kila deni lipewe tarehe ya mwisho, kama chupa za dawa kule maabara. Tarehe ikipita, deni limekufa, lizikwe.

Alipoachishwa kazi aliondoka na bunda moja la lebo za maabara, na hata hizo aliziombea ruhusa kwa maandishi. Sasa zilipata kazi. Kwenye mlango wa jiko, uliokuwa umeng'oka bawaba, alibandika: "Kutengeneza. Mwisho: miezi 2." Miezi miwili ikapita, mlango ukazidi kuinama. Mama alipomkumbusha, alimwonyesha lebo na kumweleza kwa upole kwamba ahadi hiyo imekwisha muda. Mama hakufika mbali shuleni, lakini sayansi hiyo aliielewa haraka. Kesho yake sufuria ya bukari, ugali wetu, ilikuwa na lebo: "Mwisho: saa kumi na mbili jioni." Baba alirudi saa moja kutoka kuijadili elimu yake mtaani, akakuta sufuria imeoshwa. Alilala na njaa huku akisifu utaratibu.

Jumapili baada ya misa watu walikuja uani kwetu kumsikiliza. Kwa miaka mingi sikugundua kwamba wote waliokuja walikuwa wadaiwa. Wenye kudai hawakufika hata siku moja.

Ndipo mimi nikachumbiwa. Mchumba wangu aliuza saruji na mabati Ruashi, mahali ambapo kila mtu anajenga na hakuna anayemaliza. Ukoo wake ulikuja kwetu kupokea orodha ya mahari. Sasa, kwetu mahari haimalizwi. Watu hulipa fedha, vitenge, koti la baba, sufuria za mama, na siku zote hubaki kitu kidogo: blanketi, jembe, mbuzi. Kila mtu anajua kimebaki na hakuna anayekasirika. Safari hii, siku ya kulipa, walibakiza mbuzi wawili. Baba akatoa lebo, akaandika mbele ya wazee wote: "Mbuzi 2. Mwisho: miezi 12." Nakala moja akawapa wakwe, nyingine akaiweka mfukoni.

Shangazi yangu, dada yake mkubwa, aliweka kikombe chini.

"Ndugu yangu, mali haimalizikake," alisema. "Muntu akimaliza kulipa, anasema kintu njo yake."

Baba alimjibu kwamba binti yake si shaba ya kuuzwa kwa mkopo, na kwamba anataka nianze maisha bila deni la mtu yeyote kunifuata. Watu walipiga makofi. Wakwe ndio waliopiga makofi zaidi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilijiona nimeelimika, na kalamu aliyoandikia ilikuwa yangu.

Nilihamia Ruashi, kwenye kiwanja kimoja na wakwe zangu. Sijapata kuona mtu anayesoma kalenda kwa bidii kama baba mkwe wangu mwaka ule. Miezi kumi na miwili ilipotimia, baba alimpigia simu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo, akamwambia mbuzi wamekufa kisheria. Baba mkwe alichana nakala yake vipande vipande. Mama mkwe alichinja kuku kusherehekea, na mimi nilikula paja lake bila kujua ninasherehekea nini.

Nilijua baada ya wiki chache. Mama mkwe alianza kunituma nilipokuwa naelekea shuleni. Kisha akasema dukani pana haja ya mtu wa kukaa, na shule haileti kitu. Nilipomwambia kazi yangu naipenda, hakugomba. Alicheka tu, kwa upole, akisema: "Tulishamalizaka kwenu. Sasa we uko wetu." Mume wangu alikuwa palepale akisoma simu, wala hakuinua kichwa. Si mtu mbaya, mume wangu. Ni mtu asiyeinua kichwa.

Nilipojifungua nilibaki kuhesabu miezi ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyekanyaga pale. Kwa jirani yangu mambo yalikuwa mengine. Yeye alibakiziwa blanketi moja tu, na kwa ajili ya blanketi hilo wajomba zake walikuja kila baada ya miezi miwili mitatu. Walisema wamekuja kukumbusha. Walikaa, wakala, wakamtazama binti yao usoni, wakauliza kwa nini amekonda na nani anamchotea maji, halafu wakaenda zao bila blanketi. Wakwe zake walizijua siku hizo, wakaziogopa, nyumba ikapata adabu. Nilikuwa ukutani nikianika nepi nilipoelewa. Blanketi halikuwa deni, lilikuwa njia ya kupitia. Yangu, baba aliifunga kwa kalamu yangu mwenyewe.

Kwa nini asije tu? Kwetu baba haendi kwa wakwe wa binti yake bila neno. Akienda mikono mitupu na mdomo mtupu, watasema njaa imemleta, na aibu yote ni ya binti. Alinipigia simu, ndiyo, akaniuliza kama niko salama, nikajibu salama, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameketi karibu akichambua mchele.

Mkuu wa shule aliponiuliza kama narudi au ampe mwingine darasa langu, nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda nyumbani. Nilimwambia baba kila kitu. Nilimwambia pia kwamba nimechoka na kwamba ninaogopa, maneno ambayo sikuwahi kumwambia. Nikamwomba aje aseme nao. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nitaingia mule na neno gani?" alisema. "Sibadai kitu."

Shangazi alikuwepo, anamenya karanga. Tulimngoja arudie lile alilolisema siku ya lebo. Wapi! Aliendelea kumenya karanga, na sijui kama kuna ukali uliowahi kumwumiza baba kama zile karanga.

Jumapili iliyofuata, saa sita mchana, baba aliingia kwenye kiwanja chetu Ruashi amevaa suti yake ya misa. Alisalimia, akakaa kwenye kiti kabla ya kukaribishwa, akasema:

"Nilikuya kukumbusha mbuzi."

Mama mkwe alidhani anatania. Akamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyepiga simu, kwamba miezi kumi na miwili ilipita zamani, kwamba kuku alichinjwa. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba siku ile alisoma vibaya, hakuwa na miwani, na kule maabara hawaamini kichwa cha mtu, wanaamini karatasi. Akaitoa lebo mfukoni. Ilisomeka: "Mbuzi 2. Mwisho: miezi 120."

Ilipita mkononi mwa baba mkwe, mwa mama mkwe, mwa mume wangu, ikanifikia mimi. Ile moja na ile mbili zilikuwa za wino wa kalamu yangu, wa buluu, uliofifia. Sifuri ilikuwa nyeusi na mbichi. Nilimtazama baba. Alikuwa anaitazama kalenda ya ukutani. Huyu ndiye mtu aliyetufanya tule sombe bila samaki kwa miaka kwa ajili ya tarakimu moja. Nilikimbilia jikoni nikalia, na namshukuru Mungu kulikuwa na vitunguu.

Tulimpikia, maana mdai hapikiwi kidogo. Katikati ya chakula aliniuliza, mbele ya wote, shule inaendaje. Nikasema wanataka niache. Aliurudisha mkono wake kutoka kwenye bukari, akamgeukia mume wangu, akamwambia bila kupaza sauti:

"Akiacha kufundisha, mbuzi inakuwa tatu."

Yaani riba. Mtu aliyeipiga vita riba kwa miaka kumi alikuwa ameianzisha sebuleni kwetu, kwa mdomo wenye mchuzi. Mume wangu aliinua kichwa. Jumatatu nilikuwa darasani.

Mwaka uliofuata mume wangu alichoka kukumbushwa, akanunua mbuzi wawili wazuri kutoka Lukafu, akawapakia kwenye lori la saruji na kuwapeleka kwa baba ili yaishe. Baba aliwazunguka mara mbili. Akawapapasa mbavu, akawafunua kope, akamwinua mmoja kidogo kana kwamba anampima. Kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu.

"Iko na mayi mingi," alisema. "Uzirudishe, zikauke kwanza."

Wako hapa uani hadi leo, na sasa ni watano. Baba huja Jumapili ya kwanza ya mwezi kuuliza kama wamekauka. Kabla ya kuwakagua mbuzi, hunitazama mimi usoni.