Abla Febronia na Mtihani wa Dini

Kengele ya kipindi cha dini ikilia, shule yetu ilikatika vipande viwili kama mkate. Watoto wa Kiislamu walibaki kwenye madawati yao wakimngoja Ustadh Ragab, na watoto wa Kikristo walibeba mikoba yao wakashuka ngazi kwenda kwa Abla Febronia. Hakuna aliyewaambia waende. Mtoto akiingia darasa la kwanza, wiki ya pili tu ameshajua kama yeye ni wa kubaki au wa kutoka. Walishuka wakisukumana na kuchekeshana mpaka kwenye kile kichumba cha chini ya ngazi, palipotupwa madawati mabovu, wakakaa popote palipo na miguu minne.

Abla Febronia, maana mwalimu wa kike kwetu huitwa abla, alikuwa mwalimu wa hesabu. Dini hakuisomea popote pale. Lakini katika mji wetu huu wa miwa, kusini ya Minya, huku Misri, shule nzima haikuwa na mwalimu mwingine Mkristo, na serikali imesema kila mtoto afundishwe dini yake. Basi kazi ikamwangukia yeye, kama ambavyo ingemwangukia mwalimu wa michezo au mpiga kengele angekuwa Mkristo. Akawafundisha sala, akawasimulia habari za mashahidi waliofia imani, na muda ukibaki akawapa kugawanya na kuzidisha.

Yeye mwenyewe alishasema wazi, tena mbele ya mkuu wa shule, kwamba dini ingeachiwa nyumba, kanisa na msikiti, shule ikabaki na hesabu zake. Ustadh Ragab alikuwa hataki hata kulisikia hilo. Mtoto asipofundishwa kumwogopa Mungu shuleni, alikuwa akisema, mtaani atafundishwa nini, kuvuta sigara? Wakibishana hivyo kwenye chumba cha walimu mpaka chai inapoa, kisha Ragab anainuka kwenda kumletea nyingine ya moto. Walipendana, wale wawili. Lakini sababu yake ya kweli Febronia hakuitoa mbele ya Ragab wala mbele ya padri.

Tusizunguke mbuyu. Abla Febronia alikuwa akimwona mdogo wake, Wagih. Kila kipindi cha dini, watoto wakishakaa, mtoto wa kiume wa miaka tisa alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani, haingii wala haondoki. Watoto wengine hawakumwona. Febronia aliwafundisha akiwa amempa mlango kisogo, na chaki ikimkatikia mkononi mara kwa mara.

Na usidhani Wagih alikuwa amekufa. Wagih yuko Suez, mzima wa afya, anauza vipuri vya magari, ana mke na watoto na jina jingine. Wafu wana adabu zao jamani, huja ndotoni wakaaga wakaenda. Huyu wa mlangoni alikuwa ni yule mtoto aliyekuwa Wagih, ambaye hakuzikwa popote.

Ilikuwa hivi. Febronia alipotimiza miaka kumi na sita, baba yao alisilimu, akahama nyumba. Kwa kusilimu hakumlaumu hata siku moja, kila mtu na Mola wake. Lakini Febronia alikuwa tayari amechukua kitambulisho chake mwenyewe, naye Wagih alikuwa mtoto, na karatasi za mtoto hufuata za baba. Jumatatu, hapa hapa shuleni kwetu, Wagih alishuka ngazi na wenzake. Jumatano akaambiwa abaki darasani. Akakataa. Aliung'ang'ania mlango wa kile kichumba kwa mikono miwili, wakubwa wakambandua akarudi, mpaka ikabidi waitwe watu wa nyumbani, na mama yao, aliyekuwa hana nguvu za kusimama, akamtuma Febronia. Febronia akachuchumaa mbele yake, akamfuta kamasi, akamwambia, "Nenda ukakae tu, Wagih. Kukaa si kitu."

Akaenda akakaa. Alikuwa na sauti nzuri, akasifiwa kwa kusoma, na nani asiyependa kusifiwa? Mwaka ulipokwisha baba akaja kumchukua, na mtoto akapanda gari akicheka, hakugeuka. Miaka mingi baadaye mama yao alipofariki Wagih alikuja kutoka Suez. Alisimama ng'ambo ya barabara ya kanisa, jeneza likapita, akampa Febronia mkono wa pole kama anavyopewa mtu wa mtaa wa pili, akaondoka na gari la jioni. Mtoto wa mlangoni alianza kuonekana wiki ile ile.

Sasa sikia ya Verena.

Verena alikuwa darasa la tano, binti wa Sabri fundi pampu. Sabri aliihama nyumba, akamwacha mkewe Afaf na mtoto, akasilimu, akaoa mwanamke mwingine wa mji wa jirani. Siku moja mkuu wa shule akamwita Febronia ofisini, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba karatasi za yule binti wa Sabri zimekuja, kuanzia kesho ni wa Ustadh Ragab. Febronia akauliza kama hakuna namna. Mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema sheria hakuitunga yeye, yeye anaisoma tu, na hata kuisoma kunamuuma kichwa. Febronia akatoka.

Verena hakulia wala hakung'ang'ania mlango. Kengele ilipolia alibaki kwenye dawati lake. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia alikuwa na ule msalaba mdogo wa wino wa sindano, aliochanjwa utotoni kama watoto wetu wote wa Kikristo, na badala ya kuuficha alikunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Ragab aliuona. Ni mtu wa haya, Ragab. Alimweka kwenye benchi la dirishani na muhula mzima hakumwita kusoma wala kujibu.

Chini ya ngazi mambo yakageuka. Wagih hakusimama tena mlangoni. Febronia alipoinua macho siku ile alimkuta amekaa, mkoba magotini, kwenye dawati aliloliacha Verena, tena anamtazama yeye, anangoja kufundishwa. Febronia akaomba ruhusa akisema presha imempanda. Nyumbani aliwasha mshumaa mbele ya Bikira, akakaa hapo bila kuomba chochote, maana hakujua aombe mdogo wake aje au aondoke.

Mitihani ilipokaribia, Afaf alikuja kwake, macho yamevimba. Sabri alikuwa ametuma neno. Kama mtoto ataanguka somo la dini, yeye anakwenda mahakamani kusema kwamba mama anamzuia mtoto na dini yake, na atamchukua, na hakimu atamsikiliza. Afaf hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya mtoto yule. Alimshika Febronia mikono yote miwili.

"Mwambie aandike, Abla. Mimi ananinyamazia. Wewe anakusikiliza."

Kujibu mtihani wenyewe haikuwa shida kwa Verena. Dari ya kile kichumba ni nyembamba, na darasa la Ragab liko juu yake. Yanayosomwa juu husikika chini neno kwa neno, na watoto wa Febronia, mwaka baada ya mwaka, wamezishika sura zote fupi na visa vyote vya mitume bila kufundishwa na mtu. Febronia mwenyewe alikuwa nazo kichwani, miaka yote ile.

Akamvuta Verena pembeni kwenye korido. Alikuwa amepanga maneno mengine, marefu, yenye busara, lakini kinywa kilipofunguka yakatoka yale yale.

"Andika, Verena. Yote unayajua. Kuandika si kitu."

"Sawa, Abla," akasema Verena.

Siku ya mtihani wa dini joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Adhuhuri shule ilipokwisha kutawanyika, Ustadh Ragab alishuka ngazi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akamkuta Febronia akipanga madaftari kwenye kile kichumba. Akaweka karatasi mezani. Juu kulikuwa na jina, Verena Sabri, kwa mwandiko mzuri wa duara. Chini yake kulikuwa kweupe.

"Hajaandika hata nukta," alisema Ragab. "Nikimpa sifuri, baba yake anamchukua. Nikimpa alama za bure, mkaguzi akifungua anakuta karatasi nyeupe, tunaumia wote na mtoto bado anachukuliwa." Akajifuta uso kwa kitambaa. "Nimeifundisha dini maisha yangu yote, dada yangu. Leo ndiyo mara ya kwanza imeniogopesha."

Akachomoa kalamu mfukoni, akailaza juu ya karatasi.

"Mimi nakwenda kuswali. Nikirudi nitaichukua kama nitakavyoikuta."

Akapanda ngazi polepole, bila kutazama nyuma, mzee wa watu.

Febronia aliiangalia ile kalamu. Alijua anaombwa nini. Akaketi kwenye benchi la mtoto, magoti yakamfika kifuani, akaanza kuandika kwa mwandiko wa duara. Aliandika sura aliyotakiwa kuikamilisha. Akaeleza maana ya maneno. Akaandika kisa cha Mtume na watu wa mji wake. Mkono ulikuwa ukienda wenyewe, yale ya dari yakimtiririka. Kulikuwa na mtu nyuma yake akipumua, pumzi za mtoto aliyekimbia, naye hakugeuka. Kwenye sura ya pili akakwama. Neno moja lilimpotea, akalitafuta, wapi. Na hapo nyuma ya sikio lake, kwa ile sauti nzuri iliyosifiwa na mji mzima, Wagih akamtajia.

Akaliandika, machozi yanamdondoka, akawa anayakinga kwa kiganja yasiloweshe karatasi.

Swali la mwisho lilimtaka mtoto aeleze kwa nini anaipenda dini yake. Febronia akajibu na hilo. Akajaza mistari yote.

Ragab aliporudi aliikunja karatasi bila kuisoma, akasema Mungu atusamehe, na Febronia akaitikia amina.

Matokeo yalisomwa uani. Verena Sabri alikuwa amefaulu masomo yote, na dini kafaulu vizuri sana. Afaf akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka kiwanda cha sukari, akawakumbatia akina mama wa Kiislamu na wa Kikristo bila kuchagua, akaanza kugawa sharubati. Sabri, aliyekuja na mtu wa kumwandikia mashtaka, aliinamisha kichwa akatoka getini. Febronia alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, anahema kama aliyeutua mzigo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alitamani kucheka.

Verena akamjia, gilasi ya sharubati mkononi haijaguswa.

"Nimefaulu dini, Abla."

"Nimesikia, binti yangu. Mshukuru Mungu."

"Sikuandika kitu."

Febronia akatazama chini.

"Nilikaa mpaka kengele," Verena akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa akieleza tu, kama anavyoeleza mtoto alivyoipata hesabu. "Yote nilikuwa nayajua, mkono ulikuwa unawasha. Nikasema siandiki. Nilijua baba atanichukua. Nikasema na anichukue, lakini wote wajue mimi sikukubali. Kilikuwa ndicho kitu changu peke yangu. Sasa imesomwa kwa kipaza sauti kwamba nimekubali."

"Uko na mama yako, Verena. Mtazame alivyo."

Verena akamtazama mama yake, aliyekuwa akicheza katikati ya wanawake na trei kichwani.

"Ulikuwa wewe?" akauliza.

Febronia angeweza kukana. Angeweza kumtupia Ragab, au malaika.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa mimi."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akamwekea gilasi ile mkononi kwa adabu, kama alivyofunzwa kwao kumpa mkubwa.

"Ungeniuliza," akasema, akaenda kwa mama yake.