Shemeji Alikiunguza Chombo Changu cha Angani

Mhariri, jina langu lifiche, na la shemeji pia, maana Koboko ni mji mdogo na gazeti lenu hufika huku na madereva wa malori. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, mtu wa upande wa Musoma. Shule niliishia darasa la tano. Nilikuja West Nile nikiwa utingo, tajiri akaliuza lori huku huku, nikabaki nabeba marobota ya tumbaku ghalani. Mgongo wangu umezeeka kuliko mimi. Nina mke na watoto wawili, na tangu mwezi uliopita nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi.

Mtacheka, kwa sababu hasira yenyewe imetokana na mkanda wa video. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Miaka ile tulikuwa na kibanda cha video cha jenereta. Kila Jumapili mchana walionyesha mfululizo mrefu wa watu waliopotea angani ndani ya chombo, wanatafuta njia ya kurudi duniani. Kiingereza chao hatukukijua, kwa hiyo mtafsiri alisimama kando ya televisheni akitueleza yote kwa Kiswahili. Nitamwita Rajabu; siku za kazi tulibeba naye ghalani. Baba yake alikuwa askari. Vita vya 1979, askari wa nchi yangu walipoingia huku, viliwakimbiza mpaka Sudan, na huko ndiko alikosomea Kiingereza. Kwa ulimi hakuna aliyemfikia.

Sikukosa hata sehemu moja, na maoni yangu niliyasema kwa sauti. Ile ya sayari isiyo na usiku ndiyo bora kuliko zote: watu wanarukwa na akili kwa kukosa usingizi, na nahodha anawafunga vitambaa machoni mmoja mmoja kama mama yao. Ile ya roboti anayejifunza kulia ni upuuzi mtupu. Ile ya nahodha kukutana na yeye mwenyewe akiwa mzee ilikuwa ndefu bure. Lakini niliyempenda ni fundi wa injini, mwanamke mwenye mikono ya grisi. Kila injini ilipogoma alisema, "Mama yangu amenifunikia ugali kwa sufuria, hautapoa." Nikisikia hivyo machozi yananilenga. Mama yangu mimi ndivyo alivyokuwa akinifanyia.

Siku moja nikatangaza mbele ya kibanda kizima: siku chombo hiki kitakapotua kwao, na mimi nafunga mzigo, narudi Musoma. Tangu hapo hawakuniacha.

"Mutu ya Musoma, chombo yako iko wapi leo?"

"Kiko njiani," nawajibu.

"Muache aende! Wazee wake walitufukuza hapa na bunduki, leo yeye iko nabeba tumbaku yetu!"

Kibanda kinacheka, na mimi nacheka. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza maneno na dada yake Rajabu, aliyekuwa akiuza chapati pale mlangoni. Ndiye mke wangu.

Sehemu ya mwisho ikaja. Mwanga mweupe ukajaa televisheni nzima, watu wa chombo wakakumbatiana wakilia. Rajabu akanyoosha mkono, akauzima mkanda. Akasema polepole, "Injini imepasuka, chombo inaungua. Wanaagana. Wote wamekwisha."

Nilikaa kwenye benchi mpaka wenzangu wote wakatoka. Niliwaza: kama wale wenye mitambo yote ile wameshindwa kufika, mimi mbeba tumbaku nitafika na nini? Nikaacha kuzungumza habari za nyumbani. Mwaka uleule nikaoa.

Sasa mwezi uliopita nilipeleka mzigo Arua, nikaukuta mfululizo ule kwenye duka la mikanda. Mwalimu mmoja aliyekuwa ameketi pale akakubali kunifasiria. Mkanda ukafika kwenye ule mwanga, na safari hii hakuna aliyeuzima. Lilikuwa jua la asubuhi likiingia dirishani. Mlango ukafunguka, nje kuna majani.

"Wamefika?" nikauliza.

"Wamefika, mzee. Si unaona?"

Nikamwomba atazame sehemu za nyuma, anisikilizie ule ugali wa fundi. Akasikiliza. "Anasema injini imepata joto. Basi." Hakuna mama, hakuna ugali. Na kwenye mwisho wa kweli fundi anashuka peke yake, hakuna hata mtu wa kumpokea. Waliotunga mwisho ule waone haya!

Niliporudi nilimkuta Rajabu anakula kwangu. Nikamwambia, "Shemeji, chombo kilitua."

Hakukataa. "Ilitua. Ningesema imetua, wewe kesho uko juu ya lori. Na dada yangu iko na mimba yako, anaogopa kukuambia. Ningefanya nini?"

"Na ugali wa fundi?"

"Ile ni maneno yako mwenyewe, ulisema habari ya mama yako kule ghalani. Niliona unapenda, nikakuongezea."

Wasomaji, alimchukua mama yangu akampeleka angani, kisha akamuunguza huko na wengine wote. Nilimtupia sahani yake nje. Ndipo mke wangu, aliyekuwa akikoroga mboga, akasema bila kugeuka, "Baba Amina, kama ulitaka kwenda, ungekwenda hata chombo ikiungua."

Nilimfokea mpaka watoto wakalia. Lakini maneno ya Rajabu nayajibu kila siku nikiwa chini ya robota. Hayo ya mke wangu sijapata jibu lake.

Mama sijui kama yuko hai. Niende peke yangu nikamtazame, au niende na hawa ambao wamepatikana kwa uongo? Na Rajabu, ambaye kila jioni anapita mbele ya mlango wangu akikohoa ili nimwite, nimwite? Ninyi mliokaa ugenini mkarudi, na ninyi mlioshindwa kurudi, niambieni la kufanya. Ila asiniandikie mtu kwamba ile ilikuwa video tu.