Kipindi cha Dini

Mwalimu wa kwaya alinizuia mlangoni mwa kanisa. "Binti yako anaumwa? Wiki ya tatu hii hatumwoni mazoezini."

Nikasema ana homa kidogo. Nilidanganya pale pale kanisani, mimi niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa wenzangu amri za Mungu kila Jumapili. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, na kila Jumatatu alasiri aliniaga kuwa anakwenda kwaya.

Jumatatu iliyofuata nilimfuata kwa mbali. Hakuelekea Mji Mkongwe, kanisani. Alipita nyuma ya uwanja wa Amani, akasimama uchochoroni, akatoa mtandio mweupe kwenye mkoba, akajitanda, akaingia nyumba moja ambayo sauti za watoto wakisoma Kurani zilisikika hadi njiani.

Nilipiga hodi. Akatoka mwalimu wao, bibi mtu mzima.

"Shikamoo. Nimemfuata mwanangu. Sisi Wakristo."

"Marahaba." Akageuka kumtazama binti yangu mle ndani. "Kaniambia wewe ndiye uliyemleta. Mie sichukui mtoto wa mtu kwa kificho. Mchukue, bibi, lakini usimpige. Muulize kwanza."

Nyumbani, mume wangu aliposikia alichomoa mkanda. Nikasimama baina yao. Mtoto alikuwa amejibana ukutani, hata kulia ameshindwa.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Skuli, kipindi cha dini natolewa nje peke yangu. Nakaa barazani, wenzangu wananichungulia dirishani, wananicheka. Nikaona nikijua kusoma kama wao, sitotolewa tena."

Mwaka wa tatu huo alikuwa skuli. Kila siku nilimsikiliza akikariri sala zake, nikamsahihisha neno kwa neno. Sikuwahi kumuuliza anakaa wapi wenzake wakisoma dini yao.

Mume wangu aliuweka mkanda chini. Nikamwambia nitakwenda kukaa na mtoto pale barazani, skuli.

"Watatuona wachokozi," akasema.

"Na watuone."

Mwalimu mkuu alinisikiliza, akazungusha kalamu yake. "Kaeni. Ila msiimbe."

Siku ya kwanza nilikaa kwenye saruji, Biblia mapajani, jasho likinitiririka. Madirisha yalijaa vichwa. Mtoto aliinamia miguu yake. Nilianza kumsimulia kisa cha kijana aliyeuzwa na ndugu zake. Ghafla msichana mmoja akapaza sauti kutoka dirishani, "Hata sie kisa hicho tunacho!"

Mwalimu akagonga meza kwa rula. Vichwa vikatoweka. Nilingoja mtu atoke kutufukuza, lakini hakutoka mtu. Binti yangu akainua uso.

"Endelea, Mama," akanong'ona.

Tulikaa pale kila kipindi cha dini hadi alipomaliza skuli ya msingi. Siku nyingine walitucheka, siku nyingine walitusahau. Kukariri nilikupunguza; aliuliza, nami nisipojua nilimwambia sijui.

Alipofika umri wa kipaimara, nilimuuliza kama anapokea kwa ajili yangu tu. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kidogo," akasema. "Lakini sehemu kubwa ni yangu mwenyewe."

Nikaridhika na jibu hilo.