Nilivyomlilia Meneja Akiwa Hai

Mimi ni Mzaramo wa Marui, na kazi ya kiwanda cha juisi huku Kibaha haijanipunguzia mdomo hata kidogo. Wenzangu walinichagua kuingia kamati ya usalama kwa mdomo huohuo. Tulipigania glavu na vizuia kelele, tukavipata.

Hatari iliyotusumbua zaidi haikuwa na kelele wala ncha kali. Dada mmoja wa mashine ya lebo, mwenyeji wa Mbwawa, mpole na mzoefu, alianza kusahau mambo. Mikono ilimtetemeka, na ukimsalimia anafoka. Zahanati walimpima malaria wakaikosa, ila presha ilikuwa juu. Nilikaa naye wakati wa chai akanieleza: zamu inabadilishwa jioni kwa ujumbe wa simu, malengo yanapandishwa asubuhi, na simu ikilia tu moyo unamwenda mbio. Nikajua kazi ndiyo inayomuumiza. Wiki hiyohiyo akabandika lebo za embe kwenye chupa za nanasi. Meneja akamwita ajieleze kwa nini asifukuzwe.

Kwenye kamati nilisema msongo wa mawazo ni hatari ya kazini kama lilivyo vumbi. Meneja akajibu, "Mama, huo ni uvivu tu."

Nilikasirika. Halafu nikakumbuka kwamba yeye ni Mnyamwezi. Sisi na wao ni watani, na mtani wako ana ruhusa ya kukuzuilia hata maziko mpaka apewe chake. Asubuhi ya kikao cha yule dada nilijifunga kanga kiunoni, nikakaa chini mlangoni kwa meneja, nikaangua kilio.

"Mtani wangu wee, umetuacha. Nani atatupandishia malengo? Nani atatutumia ujumbe tukiwa kitandani?"

Mafundi waliacha mashine wakaja kucheka. Meneja akatoka, uso kaukunja. "Nani amekufa?"

"Wewe. Na hatukuziki mpaka nipewe changu."

Kicheko kikamshinda, akapeleka mkono mfukoni.

"Hela yako baki nayo," nikamwambia. "Yule dada abaki kazini, apumzike kwanza. Zamu tuzijue mapema. Na mtu akishatoka getini, aachwe."

Akachuchumaa karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mtani, wakubwa wananipigia hivyohivyo. Na mimi silali."

Nilimhurumia, lakini sikuinuka mpaka alipokubali mbele ya watu wote. Na alitimiza. Malengo bado tunayagombania, ila msongo sasa unajadiliwa kila kikao cha kamati, na yeye ndiye anayeuliza kwanza nani hali yake si nzuri. Najivunia jambo hilo, na sioni haya kusema.

Baada ya yule dada kurudi kazini nilikutana na mume wake sokoni. Hakuwa na maneno mengi. Alisema mke wake ameanza tena kuimba akipika. Nilirudi nyumbani nikiringa njia nzima.