Meza ya Jua

Mimi na mama mkwe wangu tuliishi nyumba moja kwa miezi mitatu tukizungumza kupitia kuku. Kwetu, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, mwanamume hasemezani na mama wa mke wake mpaka familia mbili zikae pamoja, zile chakula, na zifungue midomo yao rasmi. Sisi vita vilitutawanya kabla ya chakula hicho. Basi mke wangu akiwa safarini na mama akitaka kuniambia jambo, alimgeukia kuku wetu mwekundu, akamwambia yeye, nami nikasikia. Nilijibu kwa njia hiyo hiyo. Kuku alivumilia.

Mke wangu husafiri sana. Yeye hufuata vitenge Pweto kwa boti, mimi nashona sokoni Kashikishi, huku upande wa Zambia. Mwaka huo mama alihamia kwetu kutoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala, kwa sababu alikuwa ameanguka shambani akaumia nyonga, na muuguzi alimkataza kubeba chochote kizito kuliko Biblia. Kabla ya kupanda boti, mke wangu alinishika kola.

"Mama asikamate ndoo," akasema. "Nikisikia alienda ku ziwa, utalala kule ku soko na ile mashini yako."

Hakuwa anatania. Ziwani kuna mamba, na njia ya kushukia ni mawe matupu. Kisima tunacho uani, kirefu, na ndani yake pampu ya umeme. Lakini siku hizo umeme ulikuwa unafika, unatusalimia, unaondoka. Tenki lilikuwa likikauka mara kwa mara. Nikaamua kuhamia kwenye jua.

Fundi niliyempata alikuwa Mbemba wa Nchelenge, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alinieleza kwamba njia ni mbili. Naweza kubaki na pampu ya zamani, nikaipa inveta ya kugeuza umeme wa jua, na betri ambazo siku moja zitakufa; au niing'oe, niweke pampu inayokula jua moja kwa moja, bila betri. Alisema betri yangu itakuwa tenki: mchana nijaze, usiku ninywe. Maneno hayo yalinipendeza, nikayarudia kwa wiki nzima kana kwamba nimeyatunga mimi.

Kuitoa pampu ya zamani kulihitaji majirani sita. Tulivuta bomba kutoka kisimani, likatoka, likazidi kutoka, likavuka ua na kuingia jikoni kwa jirani yetu mmoja, naye akalisogeza kwa mwiko na kuendelea kupika. Kisha pampu mpya ikashuka. Paneli nne tuliziweka uani juu ya fremu ya chuma, kimo cha kiuno, zikitazama kaskazini, kwa maana paa langu ni bovu na fundi alisema hakuja kufa kwa ajili yangu. Alinionya kwamba paneli hizo zimeshikana mikono: ukiifunika moja, zote zinalegea.

Mama alimuuliza kuku vile ni vitu gani. Fundi, ambaye hakujua mambo yetu na kuku, akajibu mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la samaki, alichojifunza kwa kubishana bei na Wakongomani. Alijua ngapi, punguza, na hii imeoza. Neno la paneli hakuwa nalo.

"Mama, hii meza ya jua," akasema.

Mama alipapasa kile kioo, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilicheka. Nilipaswa kusahihisha, lakini nilikuwa na haraka ya kuona maji.

Siku kumi za kwanza nilikuwa mtu wa kuudhi. Tenki lilijaa kabla ya saa sita na kumwagika. Mteja akija sokoni kupimwa mkono wa shati, aliondoka na somo zima la jua, na pengine bila shati.

Halafu maji yakaanza kupungua. Kila jioni nikirudi na kugonga tenki, sauti ilitokea chini zaidi. Mbingu ilikuwa ya mwezi wa saba, haina hata wingu. Paneli zilikuwa safi, zinang'aa. Jambo la ajabu lilikuwa moja tu: paka wanne wa majirani waliketi chini ya paneli kila jioni, wametulia, wanasubiri. Kuhusu harufu ya samaki, Kashikishi hata suti yangu ya harusi inanuka samaki, kwa hiyo pua haimsaidii mtu.

Hata hivyo pipa la jikoni nililikuta limejaa kila nilipofika. Nikajipa moyo. Nilimwambia kuku, kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba mitambo ya jua haishindwi. Mama akamjibu kuku kwamba kweli, mkwe wake anaijua kazi. Nilikula siku hiyo kwa majivuno.

Wiki iliyofuata tenki lilipolia tupu kabisa, hasira ilinipanda. Nilimpigia fundi simu na kumwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia kanisani. Alikuja mpaka kwenye cherehani yangu, tukaenda nyumbani pamoja, saa saba mchana, saa ambayo mimi huwa sipo.

Paneli hazikuonekana. Zote nne zilifunikwa na chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wametandazwa vizuri, hakuna aliyemlalia mwenzake, na mama mkwe wangu yuko kwenye kigoda na fimbo, anamfukuza kuku, mjumbe wetu, asiwadonoe.

Fundi alivua miwani, akaipangusa. "Meza ya jua," akasema polepole.

Mama alikuwa akinunua samaki wabichi kwa jirani, anawakausha, anawafungia wajukuu wa Mantapala. Chini kuna mchanga; juu ya meza hii hakuna, tena imeinama, maji yanachuruzika yenyewe. Kila jioni, kabla sijarudi, alikuwa ameshaipangusa kwa kitambaa, tena vizuri kuliko mimi.

Ningecheka na kumwomba kuku amshukuru. Lakini niliona pipa. Tenki kavu, pampu imelala tangu asubuhi, na pipa limejaa. Mlangoni palikuwa na ndoo ndogo, imelowa, na mchanga wa ziwa ndani yake. Miguu ya mama ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo. Aliona mtambo wangu umeshindwa, akawa anashuka ziwani kila asubuhi nikishaondoka, na nyonga ile, ndoo moja moja, ili mkwe wake asiaibike.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Na aibu ikinishika mimi hugeuka hasira. Nikamsahau kuku.

"Mama," nikamwambia usoni, "usiende tena ku ziwa. Kule kuko mamba. Ukianguka, miye nitafanya nini?"

Fundi alitazama koleo lake. Mila hii hata Wabemba kama yeye wanayo. Mama aligeuka taratibu, akanipa mgongo, akavuta kitenge kichwani.

"Kuku, umesikia," akasema. "Ananikaripia sawa na mutoto wangu wa tumbo."

Sikujua kama ni lawama mpaka nilipomwona anapangusa macho. Kisha alimwambia kuku kwamba samaki wataondoka kwenye meza, na kwamba binti yake hana haja ya kusikia habari za ziwa. Nilimwambia kuku nimekubali.

Mimi na fundi tulimfungia mama kichanja cha miti na wavu pembeni ya ua. Kesho yake tenki lilimwagika.

Mke wangu aliporudi alikuta maji tele, mama ameketi, ndoo imepinduliwa kando ya ukuta. Alifurahi mpaka yule jirani wa bomba jikoni alipomweleza kwamba nilimsemesha mama uso kwa uso. Nilikiri nusu: samaki walikuwa juu ya paneli, hasira zikanishinda. Akasema basi chakula kile cha kufungua midomo kipikwe leo hii, bukari, ule ugali wa kwetu, na kuku, mambo yaishe. Nikanyoosha mkono kwa kuku wa karibu, yule mwekundu.

"Ule hapana," mama akasema, na alikuwa ananitazama mimi. "Ule anajua siri yetu."

Mke wangu aliweka chini mzigo wa vitenge. "Siri gani?"

Mimi na mama tuliinamisha macho wote wawili, na safari hiyo haikuwa kwa heshima.