Mwanarehema na Mtoto wa Watu

Kila Alhamisi asubuhi, Mwanarehema wa kijiji cha Bofu aliacha shughuli zake akaenda Likoni kupika uji wa watoto wasiojiweza. Kina mama wa chama cha hisani, Waislamu kwa Wakristo, walikuwa wamepewa chumba nyuma ya duka moja karibu na kivuko. Humo waliletwa watoto waliopooza, wenye kifafa, na mayatima wasio na wa kuwatazama. Jael, muuguzi, aliwafundisha kina mama namna ya kuwakanda watoto miguu na kuwanyoosha viungo.

Hakuna aliyemwuliza Mwanarehema kwa nini hakosi kamwe. Walijua. Mwaka wa hamsini na nne mwanawe Matano alishikwa na homa, miguu ikalegea, na mama kwa aibu akamfungia chumba cha ndani mpaka Mungu alipomchukua.

Mwaka wa hamsini na tisa Jael alimwita kando. Kulikuwa na msichana wa miaka sita, Sidi, magoti yamejikunja hata kusimama hawezi. Mamake alikuwa amekufa. Alilelewa na bibi yake, Nyamvula. Daktari wa hospitali ya kisiwani, ng'ambo ya kivuko, alikubali kumpasua, ila bibi hakutaka kumwachia mtu asiyemjua.

"Nenda wewe," Jael alisema. "Wewe watakufungulia mlango."

Nyamvula alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamfunga mtoto mgongoni mwa Mwanarehema kwa leso yake mwenyewe.

"Huyu ndiye niliyeachiwa na marehemu mwanangu. Sina mwingine. Nakupa wewe, sikupi hospitali."

"Nimesikia, mama. Inshallah nitamrudisha."

Siku hizo maneno ya mumiani yalikuwa yameenea Likoni nzima: kwamba wako watu wanaokamata watoto, wanawatoa damu, na damu hiyo hufanywa dawa. Ndani ya feri mwanamke mmoja alimtazama Sidi, akamvuta mwanawe karibu.

"Mtoto ni wako?"

"Ni wa watu," Mwanarehema akajibu, na pale pale akajua amejibu vibaya. Watu walisogea, wakamwachia nafasi kubwa kama mwenye ndui.

Hospitalini mwanamume mwenye koti jeupe alimdunga Sidi mkononi, akavuta damu, akaitia kwenye kichupa. Mtoto alilia. Mwanarehema alikiona kile kichupa kikibebwa kwenda chumba kingine, mlango ukafungwa. Aliporudi Likoni hakumwambia mtu habari ya ile damu.

Sidi alipasuliwa, akatiwa plasta ngumu miguuni, akatakiwa kulala wiki nne. Wiki ya pili surua ikaingia wodini na wageni wakakatazwa. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Majirani waliokuwa wakija kwa Mwanarehema kuazima chungu waliacha kuja. Alipopita, kina mama waliwaita watoto wao ndani. Magharibi moja jiwe lilitua juu ya makuti ya jikoni, na hakikufuata kicheko cha watoto.

Kisha akaja Randu, mjomba wa Sidi, kibarua wa bandarini. Hakukaribia baraza. Alisimama uani, nyuma yake watu sita saba.

"Umemwona mtoto kwa macho yako?"

"Tangu wiki jana hawaruhusu mtu."

"Basi yuko wapi?"

Mwanarehema alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya kivuko.

"Ijumaa awe nyumbani," Randu alisema. "Asipokuwapo, sitakuja na maneno."

Mumewe Boga hakula siku ile. "Mwambie Jael atafute mtu mwingine. Wewe una watoto watatu humu ndani. Unataka tuchomewe nyumba?"

Mwanarehema alimfunikia chakula chake. Na lililomtisha kuliko Randu lilikuwa moyoni mwake mwenyewe. Kichupa hakikumtoka machoni. Je, kama watu wasemalo ni kweli? Je, kama yeye, kwa mikono yake, ndiye aliyempeleka mtoto wa watu akachinjwe? Akiinama kusali, alisahau rakaa.

Alhamisi hakwenda chamani. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyamvula, Randu akiwapo, akawaeleza yote, na ile damu.

Randu aliruka. Nyamvula akamzuia kwa mkono.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Niliogopa, mama."

Kikongwe aliinuka, akajitanda. Kisha akachukua bakora yake. "Tuende."

Walivuka watatu, wakampita bawabu wa hospitali bila kumjali. Wodini, Mwanarehema alikijua kitanda: cha tatu kutoka mlangoni. Kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Randu alimshika Mwanarehema kifundo cha mkono, akakibana hata mfupa ukauma.

"Sidi?" muuguzi wa zamu alisema. "Ameshikwa na surua. Yuko jengo la nyuma."

Walimtazama kupitia dirisha la waya. Alikuwa amekonda, uso vipele vitupu, miguu yote miwili imefungwa plasta. Aligeuza kichwa polepole.

"Hawe!" alimwita bibi yake kwa sauti iliyokauka.

Nyamvula aliketi pale barazani na hakuondoka. Walimfukuza, akarudi, wakachoka naye, wakampa mkeka. Siku tisa alilala pale, mpaka homa ikashuka.

Sidi alirudi Likoni na chuma cha kushikilia mguu wa kulia na gongo kwapani. Mguu wa kushoto haukunyooka kamwe. Randu hakuomba radhi. Lakini watu walipomwuliza barabarani kuhusu mumiani wa Bofu, alisema, "Mtoto nimemwona mimi," akapita zake.

Baada ya Sidi, Mwanarehema aliwavusha wengine tisa. Wawili hawakurudi wakiwa hai, na yeye ndiye aliyekwenda kuwapa wazazi habari. Boga aliacha kumkataza, ila kila alipotoka alimsindikiza mpaka barabarani, akasimama mpaka asimwone tena.

Wiki ya uhuru, watu walipokuwa wakitundika bendera na makuti milangoni, alikuwa Mtongwe. Alikuwa ameambiwa habari ya nyumba moja iliyo na mtoto asiyetolewa nje. Alipiga hodi. Ndani mtu alikohoa, kisha kukawa kimya, na mlangoni pakasikika komeo likisukumwa kufunga.

Komeo kama hilo aliwahi kulisukuma yeye mwenyewe. Kisha akapiga hodi tena.