Nilikitundika Kipimo cha Moshi Kwenye Mpera

Jamani, nisemeni mnavyotaka, kosa ni langu. Jina naomba lisijulikane, maana mwalo wetu, hapa ufukweni pa kushushia samaki, ni mdogo na watu wananijua.

Nabanika sangara huku upande wa Kigongo. Nilikuwa nabanika na wifi yangu, mke wa kaka, majiko yetu yanatazamana. Na niwaambie ukweli, mimi ni mtu wa kushuku. Ukinichangamkia sana, najiuliza huyu anataka nini!

Basi akaja binti mmoja wa Kihaya kutoka chuoni. Mpole, shikamoo kwa kila mama. Akasema anachunguza hewa ya pembeni mwa ziwa, zile chembe za moshi na vumbi ambazo jicho halizioni lakini zinaingia kifuani. Akitupima na kuona hali ni mbaya, wataomba tujengewe majiko yenye bomba la kutoa moshi juu.

Kila mama akapewa kidude cha kuvaa shingoni. Kinavuta hewa kama unavyovuta wewe, na ndani kina kikaratasi cheupe. Jioni anakitoa, anakifungia kwenye kikopo, anaandika jina lako, anaondoka nacho.

Jina langu! La nini? Moshi una jina?

Sisi pale kuni zikiwa mbichi tunawashia nyavu chakavu na mifuko ya nailoni. Tumekatazwa, tunajua. Nikasema huyu katumwa! Kikaratasi kitaonyesha nani anachoma nini, halafu tufukuzwe mwaloni.

"Nyie, mnajivalisha kesi shingoni!" nikawaambia wenzangu. Wakanisikia, maana mimi ndiye mkubwa wao.

Ikawa asubuhi tunavaa mbele yake. Akiondoka tu, tunavitundika kwenye mpera kule ufukweni, ambako upepo wa ziwa unapiga na moshi haufiki. Kabla hajarudi tunavivaa tena. Tulicheka jamani, tulicheka!

Wifi sikumwambia. Nilimshuku hata yeye, kwa vile alikuwa anapiga soga na yule binti. Alipouliza changu kiko wapi, nikasema kimo ndani ya gauni. Yeye alikivaa kutwa nzima, anakohoa nacho. Kifua kilikuwa kinamsumbua siku nyingi, na hayo majiko aliyatamani kuliko sisi sote.

Siku ya majibu binti akaja na mkubwa wake. Vikaratasi vyetu, safi. Cha wifi, cheusi ti!

Yule baba akamtazama wifi kwa jicho la pembeni. "Mama, mwalo ni mmoja, moshi ni huo huo. Hiki hukukishikilia juu ya moto ili mpate majiko?"

"Mimi? Hapana, baba!" Akanigeukia. "Wifi, tunatazamana kutwa. Si unaniona? Hebu waambie."

Nikainama, nikageuza samaki. Na wala hawakuwa wameiva upande wa chini.

Wenzangu nao wakajifanya wanachochea moto. Binti alitaka kusema kitu, mkubwa wake akamkatisha. Majiko yakapelekwa mwalo mwingine, na wifi akaitwa tapeli mbele ya macho yangu.

Aliendelea kubanika hadi kifua kikagoma. Daktari amemkataza moto kabisa. Sasa yuko Buhongwa kwa dada yake, anauza mchicha, na kaka amebaki na watoto nyumbani. Mdogo wao akililia mama yake, mimi natafuta pa kuangalia.

Juzi nikashindwa. Nikamfuata, nikapiga magoti pale pale kwenye mchicha wake, nikamweleza yote.

"Nilikiona kwenye mpera, wifi," akasema. "Siku ya kwanza tu."

Mungu wangu! "Sasa mbona hukusema?"

"Nimuumbue dada wa mume wangu mbele ya wageni? Nilingoja useme mwenyewe."

Alitaka kuongeza neno, kikohozi kikamkaba. Nilimshika mgongo, mifupa yote naihesabu mkononi. Lile neno hakulimalizia, na mimi nikaogopa kumuuliza.

Ndugu zangu, mgeni mkimshuku, muulizeni usoni, ajibu. Msifanye ujanja wa kwenye mpera kama mimi. Na wewe uliyenyamaza wakati mwenzio anakutegemea useme, nenda leo ukaseme, angali na pumzi ya kukujibu.